Muziki Juu ya Kilio

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wanawake hawajaanza kupanda ngazi, Guelord alituketisha sisi makochi, walimu wa mazoezi, sakafuni na kutuhubiria. Guelord ndiye mwenye ukumbi wa mazoezi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye barabara ya malori ya madini, hapa Kolwezi. Mahubiri yake yalikuwa na neno moja tu la Kifaransa, lenye maana ya kitu kipya.

"Nouveauté!" alisema, akitembea huku na huku na viatu vyake vyeupe. "Client anachokaka mbio. Ukimupatia kitu ileile kila juma, anakimbia. Nouveauté njo inaleta batu. Na weye kochi, kama hauna nouveauté, hauna motivation, unafanya nini hapa?"

Mimi Micheline nilikuwa naketi pale nikijizuia nisimjibu, na kujizuia si kazi ninayoiweza. Nilianza kuwafundisha akina mama wa saa kumi na moja jioni kabla ukumbi ule haujapakwa hata rangi. Wengi wao ni wauzaji wa sokoni, makarani na wake wa madereva. Wengine Wakatoliki, wengine Waprotestanti, na wachache Waislamu kama Zena, mwenye duka la vitambaa. Niliyajua magoti yao na migongo yao. Niliwaona wakirudi siku baada ya siku kwa hatua zilezile, na yeyote angeniuliza ningemweleza wanachofuata. Mama huyu anataka kumwona mama yule. Siku asipomwona, anampigia simu kumtukana kwa uvivu wake. Hayo Guelord hakuyahubiri hata mara moja.

Na hiyo motivation, hamu yetu ya kazi? Aliitafuta ukutani. Alitundika fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, chini yake ameandika "Kochi wa Mwezi". Gradi, kochi mwenzangu wa asubuhi, aliwekwa mle mara nyingi, na kila alipowekwa aliambiwa alete dansi mpya kwa juma lijalo. Maskini Gradi! Alikuwa mtu wa kucheka na watu wake, wa kumjua kila mmoja kwa jina. Baada ya muda akawa anafundisha kama mtu anayesoma matangazo kanisani, jicho kwenye saa. Nilimwambia Guelord kwamba anamchosha bure. Akanijibu kwamba nina wivu wa fremu.

Mambo yalikuwa hivyo Mukuna alipofariki.

Mukuna alikuwa dereva wa lori, mume wa Valérie. Na Valérie ndiye aliyekuwa anasimama mstari wa mbele darasani kwangu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Mumewe aliugua ini, akalazwa, hakutoka. Tulikwenda kilioni sote. Tulilala mikekani pamoja na Valérie, tukapika, tukaosha masufuria ya msiba. Guelord naye alikuja na miwani yake myeusi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akala maharage na samaki, akasema pole. Ninalitaja hilo kwa sababu baadaye alitaka kunitazama kama mtu asiyejua lolote.

Katika ukoo wa Mukuna, watu waliotoka Sandoa, mjane huvaa nguo nyeusi mpaka ndugu za mume wamwogeshe na kumvua. Wanaita kutosha kilio, yaani kumtoa mtu katika msiba. Kabla ya siku hiyo hachezi ngoma. Hata kanisani husimama tu wenzake wanapoyumba. Akicheza, ukoo unaweza kusema alifurahia kifo, na hawatamvua. Mjane asiyevuliwa anabaki na nini? Sheria ya serikali inamlinda, sawa, lakini sheria haiendi sokoni kununua samaki wa mjane anayesengenywa. Nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe inaanza kuitwa nyumba ya marehemu, na siku moja anakuta kufuli mlangoni.

Kwa hiyo Valérie akaacha kuja kwangu. Miezi ilipita. Nilipomtembelea nilimkuta amevimba miguu, anashika ukuta ili asimame. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia wazi kwamba shinikizo la damu limepanda mno, na akiendelea kukaa hivyo atapooza.

"Mama Micheline, nitafanya je?" aliniuliza. "Kule kwenu kuko muziki. Mi siwezi kuingia fasi ya muziki. Bandugu ya bwana yangu banaangalia kila kitu."

Nilimpelekea Zena habari hiyo kwa sababu Zena ana akili kuliko sisi sote. Alikuwa anakunja vitambaa, hata hakuinua kichwa.

"Basi tutoshe muziki," alisema. "Shi ni mwili njo inafanya sport? Muziki haina magoti."

Hapo ndipo lilipoanza darasa la Alhamisi. Sikuwasha redio. Nilisimama mbele, nikainua mkono, nao wakaenda na mkono wangu. Hatukupiga makofi wala kuhesabu kwa sauti. Zilisikika pumzi tu, na visigino kwenye saruji, na malori huko chini. Zena alileta kitambaa cheusi kutoka dukani kwake, tukajifunga kila mmoja kichwani na kiunoni, ili Valérie asiwe mweusi peke yake katikati ya rangi za watu. Siku ya kwanza alitembea tu papo hapo, machozi yakimtoka. Baada ya majuma kadhaa alikuwa anachuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Muuguzi alipompima tena, alimuuliza ni dawa gani aliyobadilisha.

Sijawahi kuipenda kazi yangu kama nilivyozipenda Alhamisi zile. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwaza leo niwape nini, na hakuna aliyenisukuma. Nilibuni hatua ya kuvuta miguu taratibu, nikabuni namna ya kugeuka wote kwa pamoja kwa kusikilizana pumzi, na kila nilichobuni kilikuwa kwa ajili ya mgongo wa Valérie, au goti la Zena. Nilifurahi, nasema kweli.

Halafu Guelord. Alhamisi moja alipanda ngazi kuuliza kwa nini redio yake iko kimya, akatukuta. Alisimama mlangoni kitambo na simu yake mkononi, akashuka. Nilidhani ameona haya kwa kuingilia jambo la wanawake wenye msiba. Mjinga mimi!

Jumamosi asubuhi Zena alinipigia, anahema kama mtu aliyekimbia.

"Angalia mu simu yako. Nimekutumia. Mi siwezi hata kusema."

Nikafungua. Tulikuwa sisi, wote weusi, na Valérie mbele kabisa, anachuchumaa, anainuka, makalio yake yamejaa kioo chote cha simu. Na juu yetu ulikuwa umepachikwa wimbo. Tena si wimbo wa kanisa, hapana! Wimbo wa baa, ule ambao ukipigwa wanaume huacha bia mezani na kwenda kusugua viuno. Chini yake maandishi ya kumetameta: FORME EN NOIR, NOUVEAUTÉ YA KOLWEZI, KARIBUNI BOTE. Mtu huyo ameona nguo nyeusi za kilio, akadhani ni sare.

Sikuoga, sikunywa chai, nilikwenda mbio hadi ukumbini na kanga yangu ya nyumbani. Guelord alikuwa ofisini, anafuta kioo cha ile fremu ya dhahabu. Ndani yake ameshaweka picha yangu.

"Mama Micheline! Ni weye nilikuwa nangojea!" alisema, akanyoosha mikono. "Umeona? Batu banapiga simu tangu asubui. Hata Likasi banauliza!"

"Ile muziki, ni nani aliweka?"

"Mi mwenyewe. Video ya kimya, nani atabakia anaangalia? Batu banasema imekufwa."

"Ni mutu njo alikufwa, Guelord! Tata Mukuna alikufwa! Ulikula mu kilio yake!"

Alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. Nilimwona anajaribu kweli kuelewa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Lakini haionekane kama kilio," alisema. "Inaonekana muzuri."

Nilipiga meza yake kwa kiganja, kikombe cha kahawa kikapinduka juu ya viatu vyeupe. Nilimwambia afute video hiyo sasa hivi, mbele yangu. Aliifuta kwa kidole kimoja, huku anasononeka kama mtu anayemwaga chakula kizuri. Lakini ilikuwa imeshachelewa. Ilikuwa imeruka kutoka simu hadi simu, imefika Dilolo, imefika Sandoa, na kila ilikofika ilicheza wimbo wake.

Muda mfupi baadaye Valérie alinipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Modeste, mdogo wake Mukuna, karani wa kampuni ya usafirishaji na ndiye msemaji wa ukoo hapa mjini, amemwita ajieleze. Kesho, Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu wote.

"Banasema nilicheza," aliniambia. "Banasema hii nyeusi nitakufwa nayo. Banasema nianze kutafuta fasi ya kulala na batoto."

Nilikuwa bado nimesimama ngazini kwa Guelord. Nilirudi juu. Nikamwambia kesho aje yeye mwenyewe, asimame mbele ya ukoo, aseme kwamba muziki aliuweka yeye. Alikataa. Alisema wateja watamwona mwongo, alisema ana kazi, alisema mambo ya koo za watu hayamhusu. Niliinua sauti hadi wauzaji wa duka la chini wakatoka nje kusikiliza. Zena alifika akanikuta katika hali hiyo, akanishika mkono. Yeye hakupaza sauti.

"Tata Guelord," alisema, "kama kesho hauko pale, juma inayokuja utafundisha ukuta. Sisi bote tunatoka. Na mu soko batatuuliza juu ya nini tumetoka. Tutabaambia."

Kilio hakikumtisha, ukoo haukumtisha, lakini ngazi zisizo na watu zilimtisha. Alisema atakuja.

Jumapili, uani kwa marehemu Mukuna, wanaume walikuwa wameketi vitini na wanawake mikekani. Valérie alikuwa kwenye mkeka wake peke yake, miguu imenyooshwa, macho chini. Karibu naye aliketi shangazi wa Mukuna, Mama Honorine, ambaye hajarudi Sandoa tangu mazishi, na kazi yake katika nyumba ile ni kumlinda mjane mpaka siku ya kumvua. Modeste alikuwa amevaa koti na tai. Hakupoteza muda. Aliweka simu yake mezani, akaongeza sauti, akaiwasha ile video.

Wimbo ukajaa uani. Mtoto wa jirani, asiyejua chochote, akaanza kuyumbisha kiuno, na Mama Honorine akamvuta sikio. Hakuna aliyecheka. Valérie aliendelea kutazama vidole vya miguu yake huku wimbo ukiimba viuno, viuno, viuno.

"Munaona," alisema Modeste. "Ndugu yangu hajafanya hata mwaka mu bulongo. Bibi yake eko anacheza."

Nilisimama. "Hakucheza. Ile siku hakukuwa muziki hata kidogo. Tulikuwa kimya, juu ya kuheshimu Tata Mukuna. Banamuke bote hapa ni bashahidi."

"Mama, muziki minaisikia na masikio yangu," alisema Modeste. "Na weye unakula ku ile salle ya sport. Utasema nini ingine?"

Nilitaka kumrukia. Badala yake nikamgeukia Guelord, ambaye alikuwa amejibanza karibu na lango, ananukia marashi. "Sema!" nilimwambia.

Akaja katikati ya ua, amefumbata mikono. Na lazima nikiri kwamba alisema vizuri. Alisema muziki aliuweka yeye, kwa simu yake, nyumbani kwake. Alisema hakumwomba mtu yeyote ruhusa. Alisema Mama Valérie alikuwa anafanya mazoezi ya kulinda maisha yake, kimya kabisa, na kwamba kosa ni lake yeye Guelord peke yake. Kisha akapiga goti mbele ya Mama Honorine na kuomba msamaha. Mimi mwenyewe nikaanza kujilaumu kwa matusi niliyomtukana jana.

Hapo Valérie akavunjika. Siku zile zote alikuwa amejikaza, na sasa akaangua kilio, akamwita mumewe kwa jina, akaanguka ubavu mkekani hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Mama Honorine akamkumbatia, naye akaanza kulia. Wanawake wakasogea. Hata Modeste alijifuta macho kwa ncha ya tai, lakini hakulegea.

"Nimesikia," alisema. "Lakini ku Sandoa batu baliona na macho. Mi nitabaambia nini?"

Nilimtazama Guelord, nikidhani atajibu yeye, na ndipo nilipoona. Sisi wote tulikuwa tumeelekeza nyuso kwa Valérie. Guelord alikuwa amemwelekezea kifua. Alikuwa bado amepiga goti, mgongo wima, anageuka taratibu, kutoka kwa mjane kwenda kwa shangazi, kutoka kwa shangazi kwenda kwa Modeste na tai yake. Na kwenye mfuko wa shati lake, juu ya ukingo, jicho la simu lilikuwa linachungulia.

Sijui nilivukaje mikeka ile. Nilimchomoa simu mfukoni kabla hajainuka. Kwenye kioo nikaona miguu ya Zena, halafu mbingu, halafu uso wangu mwenyewe mdomo wazi. Ilikuwa inarekodi.

"Nouveauté ingine?" nilimuuliza. "Hii utaiita je? Utaiwekea wimbo gani?"

"Mama Micheline, tulia," alisema, bado ana sauti ya kanisani. "Hii ni ya kweli. Inagusa roho. Batu bakiona hii, jina ya Mama Valérie itasafishwa kabisa, na salle pia..."

Na salle pia! Nilimpelekea Modeste simu hiyo, nikairudisha nyuma kidogo ili ajione alivyo, karani mzima, na tai machoni. Alitazama. Uso wake ulibadilika rangi. Kando ya meza kulikuwa na beseni la kunawia mikono, maji yake yana povu la sabuni na mafuta ya samaki. Nikaitumbukiza simu humo. Guelord akaruka kuiokoa, nikamsukuma kwa nyonga, na nyonga zangu zimefanya kazi miaka mingi. Akakaa chini. Niliishikilia simu kule chini kwa mikono miwili, kama unavyomshikilia kuku kwenye maji ya moto kabla ya kumnyonyoa.

"Simu yangu!" alipiga kelele. "Bote mumeona! Muko bashahidi! Ameua simu yangu!"

Mama Honorine aliokota kitambaa, akamfunga Valérie kichwani polepole, akapenga kamasi.

"Mi sikuona kitu," alisema. "Macho yangu iko na machozi." Kisha akamwinamia Valérie. "Mutoto yangu, nyamaza. Mwezi inayokuja nitakutosha hii nyeusi mi mwenyewe, na mikono yangu. Nani anabisha, akuje aniambie mi."

"Mi nilikuwa naangalia huyu mutoto," alisema Zena, akionyesha yule wa jirani.

Wanaume walitazama paa la nyumba. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Guelord alisimama, suruali yake imejaa vumbi, akamwendea Modeste.

"Tata Modeste, weye ni mutu ya bureau. Weye uliona muzuri. Sema."

Modeste alichukua simu yake mezani. Aliitafuta ile video, akatuonyesha sote, akaifuta, akairudisha simu mfukoni. Alinyoosha tai.

"Kama uko na video," alimwambia Guelord, "leta. Tutaangalia."